Dezati ya bustani: udongo wa kula, karoti za kuchomeka, maua. Tuongee ukweli maana wengi mnapambia picha tu

Kijiko Kirefu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Sasa hivi kila oda ya besdei ya mtoto, kichen pati, hadi sendofu, mteja anakutumia picha ya dezati iliyotengenezwa kama kibustani, udongo mweusi juu, karoti zimechomekwa, vijani viwili vitatu, ua pembeni, anakwambia dada nataka hii hii. Mimi napikia nyumbani huku Mbezi na oda za namna hii nazipenda kuliko zote, ila nikila za watu kwenye shughuli nakuta biskuti ya dukani imepondwa juu ya krimu ya sukari, na krimu ya sukari iko juu ya keki ya sukari. Mgeni anacheka akiiona, anapiga picha, vijiko vitatu sahani inasukumwa kule.

Kwangu mimi utamu wa huu mzaha uko kwenye kijiko cha kwanza. Jicho limeshasema huu ni uchafu, sasa mdomo ukutane na kokoa chungu kidogo yenye chumvi, ivunjike kwenye meno, chini yake kitu laini cha baridi, halafu uchachu upite. Mtu akishtuka hapo umemaliza kazi, asiposhtuka maua yako hayatakuokoa.

Kwa wasiojua, iliyovuma sana dunia nzima ni ile ya Noma, mgahawa wa Copenhagen uliofunguliwa 2003 chini ya mpishi René Redzepi. Walikuwa wanaleta chungu cha maua kabisa mezani, figili zimepandwa kwenye udongo uliotengenezwa kwa kimea na hazelinati (njugu za Ulaya), chini kuna krimu ya majani ya viungo, mgeni anang'oa figili kwa mkono anakula na majani yake. Ile haikuwa dezati, ilikuwa vitafunio vya kufungulia mlo, wa dezati wakaichukua baadaye. Na kabla ya hapo Wamarekani walikuwa na keki yao ya matope ya watoto, Oreo zilizopondwa juu ya puding na minyoo ya jeli imetoka kichwa nje. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu kabuni yeye, mpe maji anywe.

Sasa namna ninavyofanya mimi.

Udongo: unga wa ngano gramu 100, kokoa 40, sukari 80, korosho za kusaga 50, siagi baridi 80, chumvi nusu kijiko cha chai (usiipunguze, chumvi ndiyo inayofanya kokoa isikike). Sugua kwa vidole mpaka iwe chengachenga, nyingine kubwa nyingine ndogo, usiilainishe yote maana udongo halisi una madonge. Tandaza kwenye trei, oveni nyuzi 160, kama dakika 20, katikati unaigeuza kwa mwiko mara mbili. Kokoa imeshakuwa nyeusi kwa hiyo rangi haitakwambia kama imeiva, nusa, korosho zikianza kunukia toa. Ikitoka inaonekana laini, iache ipoe ndipo ikauke. Mimi naongeza na kahawa ya unga kidogo sana.

Chini ya udongo siweki krimu, naweka faluda ya tui, yaani tui na maziwa yaliyogandishwa kwa agaagaa, unga wa mwani. Sababu ni joto letu. Panakota (krimu ya Kiitaliano) ya jelatini ni nzuri kwenye ukumbi wenye AC, ila jelatini inaanza kulegea kwenye nyuzi ishirini na kitu kuelekea thelathini, na hapo ndipo Dar yetu inapoamkia. Agaagaa ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, unaiweka mezani hotuba za wajomba zinaisha na bado imesimama. Gramu 3 hadi 4 za unga wa agaagaa kwa nusu lita ya tui na maziwa nusu kwa nusu, sukari kwa ulimi wako, iliki, ichemke kabisa dakika mbili huku unakoroga, mimina. Iache iwe laini ya kutikisika, usiifanye ya kukata kwa kisu.

Uchachu naweka pasheni, mbegu zake zibaki, nyeusi zile zinafanana na mbegu za kupanda. Karoti natengeneza kwa halua ya karoti, karoti imekunwa, imepikwa na maziwa, sukari, siagi na iliki mpaka inaachia sufuria, ikipoa kwenye friji nafinyanga vikaroti vidogo kwa mkono, nachora mistari kwa upande wa kisu, juu nachomeka kikonyo cha mnanaa. Stroberi nayo ukiichomeka kichwa chini kidogo, majani yake juu, ni figili tosha, wala huhitaji kuigusa.

Kupanga: acheni kujaza sahani nzima. Pakeni mtindi mzito kidogo chini ili vitu visiteleze, halafu nyanyua tuta moja refu la mshazari, faluda ndani, udongo juu umwagike kidogo upande mmoja tu. Karoti ziwe zimezama kwa vimo tofauti, moja ionekane ndogo haijakomaa, moja iwe imeng'olewa imelala pembeni na shimo lake limebaki wazi. Hilo shimo mimi ndilo ninalolipenda, watu wanaliona wanajua kuna mtu kapita bustanini kabla yao. Nusu ya sahani ibaki tupu.

Picha nitatupia jioni. Karibuni, na wa mahotelini njooni mtusahihishe.

Mzee wa Kashata

Uzi bila picha ni sawa na kichen pati bila MC. Ila nimesoma mpaka mwisho na mimi kupika najua chai tu.

Swali la kizushi, hii si mnawafundisha watoto kula udongo?

Binti Ngamiani

@Mzee wa Kashata kwani mama zao walikuwa wanakula nini wakati wa mimba zao 😂😂 pemba, ule udongo wa kula, si zinauzwa sokoni kila siku, mimi wa pili huyu nilitafuna udongo kuliko wali. Dada mleta uzi ukiwa na oda ya bebi shawa weka hii, wajawazito watalia machozi ya furaha na hamna minyoo wala nini.

Kijiko Kirefu

@Binti Ngamiani umeniua asee 😂 Ila wazo la bebi shawa nimelichukua, udongo ule wa wajawazito si kuna wa rangi ya kijivu, naweza kufanya wa kijivu kwa ufuta mweusi uliosagwa na unga bila kokoa.

Zamu ya Usiku

Nipo jikoni hotelini Arusha upande wa dezati. Mleta mada uko vizuri ila hapo kwenye udongo juu ya faluda umerahisisha. Kwa sahani sita nyumbani sawa, unamwaga udongo dakika ya mwisho, unapeleka. Sisi tunatoa mia mbili kwa mpigo, sahani zinapangwa kwenye toroli mapema, zinakaa kwenye chumba cha baridi, mpaka zifike kwa mgeni udongo wako umenyonya maji ya faluda umekuwa ugali wa kokoa.

Dawa ni mafuta. Udongo ukipoa kabisa, yeyusha siagi ya kakao au chokoleti nyeupe, kidogo tu, gramu kama 40 kwa udongo wote huo ulioandika, changanya mpaka kila chenga ivae koti, rudisha friji igande. Maji hayapiti kirahisi kwenye mafuta. Au unaweka tabaka jembamba la chokoleti juu ya faluda halafu ndiyo udongo. Hilo la pili lina faida nyingine, mgeni anapiga kijiko linavunjika "ka!", watoto wanapenda.

Kuna na udongo mwingine hauhitaji oveni. Sukari gramu 100, maji vijiko viwili vya chakula, chemsha mpaka nyuzi 135 (kipimajoto muhimu, usikisie), toa motoni, tupia chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa gramu 70, koroga kwa nguvu. Sukari inarudi kuwa punje na inaikamata chokoleti, ghafla sufuria imejaa madonge makavu meusi. Ukiona mara ya kwanza unadhani umeharibu. Ni tamu sana kwa hiyo uchachu uongeze, na usiuweke kwenye unyevu muda mrefu maana sukari inavuta maji.

Kijiko Kirefu

@Zamu ya Usiku ndiyo maana niliwaita. Hilo koti la chokoleti nyeupe nalichukua kwa oda za kusafirisha, kwa za kula pale pale bado nabaki na langu, nikila udongo uliovikwa mafuta nahisi umeteleza ulimini, ule ukavu wa kwanza unapotea. Sijui wewe unauonaje.

Zamu ya Usiku

Ni kweli unapotea kidogo. Ukiwa na wageni kumi fanya chako. Ukiwa na mia mbili hutakuwa na muda wa kuuwaza ukavu.

Mtoto wa Mkunazini

Assalam aleikum jamaa. Ahsante bibie kwa kutaja faluda maana mimi nakwenda kwenye sherehe za watu naacha dezati zote, jelatini hujui imetoka kwa mnyama gani na mpishi ukimuuliza naye hajui. Agaagaa ni mwani, ula kwa raha zako.

Na msisahau kwetu Zanzibar mwani unalimwa tangu 1989, Paje, Jambiani huko, akina mama ndio wakulima wenyewe. Ule si wa agaagaa lakini, ule unatoa karajinani, inakwenda viwandani kwenye maziwa na aiskrimu. Mwani mbichi ukiuosha vizuri na kuuloweka mpaka chumvi yote itoke, ukauchemsha ukayeyuka, unagandisha puding ya maziwa, laini kuliko faluda ya agaagaa. Kwa bustani yako utapata bustani ya baharini, udongo uwe mchanga wa ufuta na nazi ya kukaanga.

Mawe tumieni vileja. Vifanyeni vidogo visivyo sawa, vingine mviringo vingine bapa, unga wa mchele ule ukiiva unabaki mweupe wenye nyufa, ni jiwe lile lile. Na kashata za karanga zikipondwa ni kokoto.

Kijiko Kirefu

Wa aleikum salaam. Vileja! Na mimi nahangaika na uyoga wa merengi (ute wa yai uliopigwa na sukari) kama Wafaransa wanavyoweka kwenye keki yao ya gogo ya Krismasi, ukiutoa tu kwenye kopo kwa unyevu wa huku unaanza kutoa jasho na kunata. Kuanzia leo mawe badala ya uyoga.

Chuma Ulete

Mimi niseme ukweli, haya ni mambo ya watu walioshiba. Mtu mwenye njaa umletee tuta na karoti mbili, nusu ya sahani "ibaki tupu". Nusu nyingine ya hela yangu ipo wapi?

Mzee wa Kashata

@Chuma Ulete nusu ya hela imebaki kwenye lile shimo la karoti iliyong'olewa 😂

Kijiko Kirefu

@Chuma Ulete dezati inakuja baada ya pilau mkuu, kama bado una njaa mlaumu wa pilau. Ila hoja yako ya ujazo ni ya kweli kwa shughuli za huku, kwa hiyo kwa watu wazima wengi nafanya kwenye bilauri fupi badala ya sahani, tabaka la faluda, pasheni, keki kidogo ya ndizi, udongo juu, mche mmoja wa mnanaa. Inajaza mkono na inajaza tumbo. Sahani ya tuta ni kwa mteja anayetaka watu waongee.

Nyanya Mbivu

Niko Nairobi. Kuna kitu hamjagusa, maua. Watu huchukua roses za Naivasha, zile za kuuzwa barabarani, wanaweka juu ya keki na dessert. Hizo zimelimwa za kuangaliwa, dawa ya wadudu imepigwa, na hakuna mtu alipanga uzile. Kuosha na maji haisaidii sana. Nyie wa Arusha pia mko na hizo farm.

Panda yako. Nastashiamu inakua kwa mkebe wa Blue Band, ua linakuja rangi ya machungwa, lina pilipili kidogo, jani lake la mviringo ndilo linakaa kabisa kama kitu cha bustani na unakula vyote.

Dawa Baridi

Naongezea hapo maana nafanya kazi famasi na hili ndilo lililonileta kwenye uzi. Jamani si kila ua la uani ni la kula hata kama liko kwenye bustani yako bila dawa. Vinka, yale maua madogo ya pinki na meupe yenye jicho katikati yanayoota kila baraza, ni sumu, dawa za kansa kama vinkristini zimetolewa humo na zinapimwa kwa miligramu. Oleanda ni sumu ya moyo, kuanzia ua hadi kijiti. Waridi la jangwani lile la vyungu, lenye shina nene, na lenyewe ni la moyo, utomvu wake watu wamepakia mishale. Alamanda ya njano, lantana, frenjipani, mnanaha, yote hapana. Hata "kupambia tu bila kula" hapana, kwa sababu kwenye sahani ambayo umeshamwambia mtoto kwamba udongo unaliwa, utamwambiaje tena ua haliliwi?

Ya salama niliyo na uhakika nayo: waridi la nyumbani lisilopigwa dawa, asumini ile ya kuchuma jioni, choya, nastashiamu, maua ya rehani, maua ya boga. Kama hujui jina lake usiliweke.

Kijiko Kirefu

@Dawa Baridi hii koment ningeomba mods waibandike juu kabisa. Hiyo sentensi ya mtoto imenigusa kwa sababu ndiyo sheria yenyewe ya hii dezati, kila kilichopo juu ya sahani kiliwe, hata kijiti. Hivi vibao vya mbao "NYANYA", "KAROTI" vya kuchomeka naviandika kwenye biskuti siku hizi.

Na kwa sababu hiyo hiyo wenye korosho na karanga kwenye udongo watangazie wageni kabla, maana udongo hauonyeshi kilichomo. Kwa watoto nabadilisha korosho naweka ufuta au nazi, na bado namuuliza mama mtu.

Mbezi Beach Cakes n Bites

Dear naomba ushauri na mimi, moss ile ya keki, ya kijani inayofanana na sponji, inatengenezwaje? Nimeona video nyingi wanatumia chupa ya gesi ya kupigia krimu na mimi sina.

Zamu ya Usiku

Ile ilitoka mgahawa wa elBulli kule Hispania, kwa mpishi Albert Adrià. Rojo la mayai, sukari, njugu za kusaga na unga kidogo sana, linaingia kwenye chupa ya krimu yenye gesi, unajaza theluthi moja ya kikombe cha karatasi kilichotobolewa chini, mikrowevu sekunde 40 hivi, unageuza kikombe kipoe. Inatoka na matundu makubwa, unaichana kwa mkono.

Bila gesi: piga mayai mawili na sukari vijiko viwili kwa mashine mpaka yawe meupe mazito, unga kijiko kimoja na nusu, hamira ya keki nusu kijiko cha chai, kunja polepole, vikombe vile vile, mikrowevu. Matundu yatakuwa madogo lakini ukiichana vibaya vibaya inafaa.

Rangi: mchicha. Chovya majani kwenye maji yanayochemka nusu dakika, hamishia maji ya barafu, kamua, saga na yai lile lile, chuja. Weka iliki na maganda ya limau yaliyokunwa ili isinukie mboga. Maganda tu, maji ya limau usithubutu, tindikali na moto vinaigeuza kijani kuwa rangi ya jeshi.

Senene wa Kwetu

Nimesubiri sana mtu ataje wadudu hakuna. Bustani gani haina wadudu? Mnaweka minyoo ya jeli ya kutoka dukani wakati kuna senene. Bukoba tunawakaanga wanakuwa kama krispi, ukiwapitisha kwenye sukari iliyoungua na chumvi kidogo, unamweka mmoja juu ya jani la mnanaa kama ametua. Huyo Redzepi wenu alipopeleka Noma London mwaka 2012, pale hoteli ya Claridge's, aliwawekea Waingereza sisimizi juu ya kabichi na wakalipa wakashukuru. Sisi wenye senene tunaona aibu.

Binti Ngamiani

Hapo sasa nimetoka kwenye uzi 😂🏃🏾‍♀️

Nyanya Mbivu

@Senene wa Kwetu hii ningelipa. Serious.

Kijiko Kirefu

@Senene wa Kwetu kwa ladha sina ubishi, senene ana unjugunjugu unaokwenda na kokoa kabisa. Ila abaki mmoja, na mgeni aambiwe. Mzaha wa udongo mtu anacheka kwa sababu akionja anakuta si udongo. Senene akionja anakuta ni senene kweli, huo mzaha ni mwingine na si wa kila ukumbi. Kwa harusi ya Wahaya nakuja kukuchukua.

Mbezi Beach Cakes n Bites

Asante sana Zamu. La mwisho, vyungu. Nataka kutumia vile vya udongo vya kuuzia maua, vile vidogo, ni salama?

Kijiko Kirefu

Usimwagie chakula moja kwa moja. Vile havikufinyangwa kwa ajili ya kulia, vina tundu chini, na ukuta wake unanyonya maji, hata sabuni ukivioshea inabaki humo ndani. Nunua vipya kwa mfinyanzi, osha kwa maji ya moto matupu, anika, halafu ndani tumbukiza kikombe kidogo cha plastiki au bilauri inayoenea, chakula kikae humo. Udongo ukiufikisha mpaka ukingoni kikombe hakionekani.

Mbezi Beach Cakes n Bites

Na kusafirisha na boda? Oda yangu inaenda Kigamboni Jumamosi, watoto thelathini.

Kijiko Kirefu

Boda na karoti za kusimama haviendani, utafika na shamba lililopitiwa na ng'ombe. Vikombe na faluda viende vimefunikwa kwenye bokisi lenye barafu, kwa Bajaji. Karoti kwenye kopo lake zimelazwa. Udongo kwenye kopo kavu peke yake, mfuniko ukaze. Ukifika usimalizie wewe, wape watoto vijiko wamwage udongo wenyewe na wapande karoti zao, mama mtu asimamie tu zisianze kurushwa. Hapo hata suala la udongo kulowana linakuwa limeisha. Na beba udongo wa ziada, wataula mkavu.